Kuhamia Dodoma: Nyumba, Maji na Tiketi ya Ijumaa

TANU, chama tawala cha wakati huo, iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu ya serikali yatoke Dar es Salaam yaende Dodoma. Safari yenyewe ilikawia zaidi ya miaka 40. Waziri Mkuu alihamia Septemba 2016, Dodoma ikawa jiji Aprili 2018, na wageni bado wanaingia. Mshauri wetu wa makazi, mkazi wa Dodoma, anajibu maswali ya wasomaji.

Nimehamishiwa wizara iliyoko Mji wa Serikali. Nipange mtaa gani?

Mtumba, ulipo Mji wa Serikali, iko kilomita 17 hivi mashariki mwa katikati ya jiji, barabara ya Morogoro. Kwa hiyo anza na ramani, picha za dalali za WhatsApp zitafuata. Ukivutwa na kodi nafuu ukapanga Nkuhungu au Nala, utakuwa unalikata jiji zima asubuhi na jioni, na nauli itakula kile ulichodhani umeokoa. Ihumwa na Nzuguni ziko upande wako. Kisasa na Ilazo ni za katikati kidogo: unafika kazini bila tabu, na mtoto akiugua usiku hospitali haiko mbali. Kabla ya kulipa, panda daladala kutoka mtaa huo saa kumi na mbili na nusu asubuhi uone mwenyewe.

Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali anataka yake, mara nyingi sawa na kodi ya mwezi mmoja. Bembeleza, wapo wanaokubali mitatu. Uliza pia kama mita ya umeme ya LUKU ni yako peke yako. Wapangaji wanne wakichangia mita moja, mwenye friji atasemwa mpaka ahame.

Na uangalie kalenda. Bunge la bajeti, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, hujaza nyumba za wageni na kupandisha bei. Chuo Kikuu cha Dodoma kikifungua mwaka wa masomo, vyumba vya mitaa ya jirani hugombewa. Mtu anayekuja kutafuta nyumba katikati ya Bunge huishia kuchukua ya kwanza aliyoonyeshwa, kwa sababu gesti inamfilisi.

Nimetishwa kuhusu maji. Ni kweli?

Ni kweli, ila inategemea mtaa. Dodoma ni nchi kame: mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, huisha Aprili, na kwa mwaka mzima haizidi sana milimita 600. Hakuna mto wa kutegemea. Jiji limeishi miaka mingi kwa visima virefu vya Mzakwe, na watu wameongezeka haraka kuliko visima. Ndiyo maana kuna mgao.

Ukienda kuona nyumba, usimuulize mwenye nyumba kama maji yapo, maana atasema yapo. Muulize mpangaji wa jirani yanatoka siku zipi na saa ngapi. Tazama simtanki: ni la lita ngapi, liko juu ya mnara au limewekwa chini, linahudumia kaya ngapi? Lita 1,000 kwa familia moja zinavumilika. Kwa kaya tano ni ugomvi. Kisha onja. Baadhi ya maeneo maji yana chumvi, sabuni haitoi povu na birika hushika ukoko mweupe. Huko utafulia na kuogea tu, ya kunywa utanunua. Mimi ningechukua nyumba mbovu yenye maji ya uhakika kabla ya nyumba ya vigae yenye bomba kavu.

Nibebe nguo gani?

Sweta. Watu wa Dar hucheka, halafu Juni inafika. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, usiku wa Julai una baridi na upepo, na midomo hupasuka. Oktoba na Novemba joto linarudi, tena kavu, pamoja na vumbi.

Mimi ni mtu wa Pwani. Nitakula nini?

Samaki wa bahari utampata akiwa wa barafu na bei yake imesafiri naye, basi mwache. Jifunze mlenda, hasa kwa ugali wa uwele. Jumamosi nenda mnada wa Msalato ukale nyama choma. Zabibu nunua msimuni. Mgeni anayelalamika kwamba Dodoma hakuna chakula kwa kawaida ana maana kwamba hakuna chakula cha kwao.

Ninunue kiwanja mapema?

Kaa kwanza mwaka mmoja. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA) ilivunjwa mwaka 2017 na kazi zake zikapewa halmashauri, na migogoro ya viwanja ya enzi zile haikuvunjwa pamoja nayo. Chochote utakachoonyeshwa, kihakiki ofisi ya ardhi ya Jiji kabla hela haijatoka.

Familia imebaki Dar. Treni ya SGR ipo, kuna haja ya kuwahamisha?

Tangu 2024 treni imefanya safari kuwa ya saa nne au pungufu, badala ya kutwa nzima ndani ya basi, na mimi naiona kama baraka yenye mtego. Nawajua watu walio hapa miaka mingi ambao hawajawahi kuiona Dodoma ya Jumapili. Wana godoro, jiko la gesi na tiketi ya Ijumaa. Hawamjui mwenyekiti wa mtaa, hawajazika na majirani, wakiugua hawana wa kuwapelekea uji. Kisha wanasema mji umepoa.

Mke ana kazi au biashara Dar? Hilo ni suala zito, lizungumzeni wenyewe. Kama kikwazo ni shule tu, shule zinafungua Januari. Omba uhamisho wa watoto mapema, tafuta nyumba kuanzia Septemba, na mwezi wa kwanza wakishafika, msipande treni.