Adui Aliyejificha Ndani ya Askari

Wengi wameuliza: Kwa nini mgonjwa wa kifua kikuu huamriwa kumeza dawa kwa miezi sita, na hali baada ya majuma machache kikohozi hupungua, homa huondoka na hamu ya chakula hurudi? Je, si kupoteza dawa bure kumtibu mtu aliyekwisha pona? Ndugu msomaji, swali hili lastahili kujibiwa kwa hoja, wala si kwa amri tu. Na jibu lake limo katika maisha ya mdudu mwenyewe.

Mdudu na askari

Mdudu wa kifua kikuu ni bakteria mwembamba kama kijiti, asiyeonekana kwa macho matupu. Daktari Mjerumani, Robert Koch, alitangaza kumgundua mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. Humwingia mtu kwa pumzi, kutokana na hewa aliyoikohoa mgonjwa, akafika hata ndani kabisa ya mapafu. Huko hukutana na askari wa mwili, yaani seli kubwa ziitwazo makrofaji. Askari huyu akimkuta bakteria humzingira, akammeza na kumfunga katika kifuko. Kisha vifuko vingine vyenye tindikali na vimeng'enya huja kuungana na hicho cha kwanza. Bakteria wengi huyeyushwa humo, na mambo yakaisha.

Hila za mdudu

Lakini mdudu wa kifua kikuu hayeyushwi kwa urahisi. Kwanza, amevaa vazi nene la mafuta mfano wa nta, ambalo dawa nyingi hazilipenyi. Pili, hutoa vitu vinavyozuia kifuko chake kisiungane na vile vya tindikali. Hivyo jela aliyotiwa hugeuka kuwa nyumba yake. Tatu, hujilisha mafuta ya seli ile ile iliyommeza. Nne, aweza hata kukitoboa kifuko hicho na kutokea katika ute wa seli.

Humo huzaana kwa kugawanyika: mmoja huwa wawili, wawili wakawa wanne. Wako bakteria wa tumboni wawezao kugawanyika kwa dakika 20 hivi. Huyu huchukua karibu siku nzima. Hana haraka. Mwishowe askari hufa, na vijidudu vikatoka na kumezwa na askari wengine waliokuja kusaidia. Hakika, kikulacho ki nguoni mwako.

Je, mwili hushindwa daima?

La, sivyo. Mara nyingi askari wengi hukusanyika na kuwazingira wadudu, ukafanyika uvimbe mdogo. Humo mdudu hupunguza sana kuzaana, naye aweza kukaa kimya kwa miaka mingi. Mtu huyo haugui wala hamwambukizi mwenziwe. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba karibu robo ya watu duniani wamekwisha ambukizwa, na kati yao ni 5 hadi 10 tu katika kila 100 watakaougua maishani mwao. Bali ulinzi ukidhoofika, kwa VVU, kisukari au utapiamlo, aliyelala huamka.

Sababu ya miezi sita

Sasa jibu ni wazi. Dawa nyingi humwua bakteria anapokua na kuzaana. Aliyelala hazimwezi upesi. Majuma ya kwanza huangamizwa wale wengi wanaozaana, ndipo mgonjwa hupata nafuu. Lakini kupata nafuu siyo kupona. Wachache waliojificha wangali hai, na wao ndio wanaohitaji miezi iliyobaki.

Jambo hili lilithibitishwa hapa hapa Afrika ya Mashariki. Zamani tiba ilichukua hata miezi 18. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wataalamu wa Uingereza na Afrika ya Mashariki walijaribu tiba za miezi sita. Waliopewa rifampisini pamoja na isoniazidi na streptomisini, wachache sana waliugua tena. Lakini waliokosa rifampisini na pirazinamidi pia, zaidi ya mmoja katika kila watano alirudiwa na ugonjwa. Tangu hapo dawa hizo mbili, ziwezazo kuwafikia wadudu wasiozaana upesi, zimekuwa nguzo ya tiba. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali pia tiba ya miezi minne kwa baadhi ya wagonjwa. Lakini muda huamuliwa na daktari, wala si na mgonjwa.

Basi anayeacha dawa njiani huwaachia waliojificha nafasi ya kuzaana upya, na pengine wakawa sugu, dawa zile zisiwadhuru tena. Hapo atawaambukiza jamaa zake ugonjwa mgumu zaidi kuliko ule wa kwanza.

Ndugu msomaji, ukiwa na kikohozi kilichozidi majuma mawili, nenda ukapimwe makohozi. Na ukianza dawa, usiulize mwili wako kama umepona. Mwili hauwezi kukuambia yaliyomo ndani ya askari wake. Maliza dawa yako mpaka siku ya mwisho.