PIN Si Wosia: Jinsi ya Kumwachia Mjukuu Kitu Atakachokipata Kweli

Kando ya ziwa, kuanzia Dunga hadi Usenge na Mbita, nyanya na babu wengi ndio wazazi wa pili. Ukimwi uliwaachia baadhi yao watoto wa kulea. Wengine wana wajukuu ambao wazazi wako hai lakini wametoka kwenda kutafuta kazi. Karo inatoka kwa omena, kwa mchele wa Ahero, au kwa pesa kidogo zinazotumwa mwisho wa mwezi. Na swali ni lile lile: "Nikienda, huyu mtoto atasomeshwa na nani?"

Wengi wamejipangia jibu rahisi: "Nitampa PIN yangu." Leo tunaeleza kwa nini PIN haitamlinda, na ni nini kinachoweza.

Salio lako ni mali kama shamba

Mtu akifariki, pesa zilizo kwenye laini yake zinaingia kwenye mali ya marehemu, pamoja na shamba, ng'ombe, mashua na akiba. Sheria ya Urithi ya Kenya (Sura ya 160), iliyoanza kutumika 1981, inakataza mtu yeyote kuishika mali hiyo bila ruhusa ya kisheria. Ni kosa la jinai: faini hadi shilingi 10,000, kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Kwa hiyo mjukuu anayekwenda kwa wakala na simu ya marehemu anaweza kujiletea shida, hata kama nyanya mwenyewe ndiye aliyempa PIN. Na kuna upande wa pili: mtu mwingine akiijua PIN hiyo, anaweza kumaliza salio kabla hata ya mazishi, na mjukuu akabaki mikono mitupu.

Sheria inamhesabu vipi mjukuu?

Kama hukuacha wosia, inategemea mzazi wake.

*Mzazi wake (mtoto wako) alifariki kabla yako.* Mjukuu anasimama mahali pa mzazi wake. Tuseme ulikuwa na watoto wanne na mmoja alitangulia akaacha watoto watatu. Hao watatu wanagawana fungu lile moja la mzazi wao. Kumbuka tu kwamba mume au mke uliyemwacha ana haki zake katika mali hiyo kwanza.

*Mzazi wake yuko hai.* Hapa ndipo wengi wanashangaa. Mjukuu hana fungu lake mwenyewe, hata kama umemlea tangu akiwa na wiki mbili. Anachoweza kufanya ni kuomba mahakama imtambue kama mtegemezi wako, na lazima ionyeshwe kwamba ulikuwa ukimtunza hadi ulipofariki. Ombi hilo lazima lipelekwe kabla mahakama haijathibitisha mgawo wa mali. Likichelewa, mlango umefungwa.

Acha alama ya matunzo yako

"Ulikuwa ukimtunza" ni maneno yanayohitaji ushahidi. Chukua mfano wa dani anayeuza omena soko la Kibuye. Akimpa mjukuu karo mkononi kila muhula bila kutunza risiti, baada ya miaka mitano hana cha kuonyesha. Akilipa kwa Paybill ya shule, akiweka namba ya mwanafunzi, kila malipo yanabaki na tarehe, kiasi na jina la shule.

Fanya hivyo hivyo kwa bili ya hospitali na sare ya shule. Omba taarifa ya akaunti yako angalau mara moja kwa mwaka, ichapishwe, uiweke pamoja na risiti za shule na nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Kama siku moja watu wa dala watabishana, karatasi hizo zitamsemea.

Lakini wosia ndio njia fupi

Usimwachie mjukuu kesi kama unaweza kumwachia wosia. Si lazima uwe tajiri, na wosia hauhitaji wakili ili uwe halali, ingawa wakili husaidia kama kuna shamba au familia kubwa. Yanayotakiwa ni haya:

1. Uwe mtu mzima mwenye akili timamu.
2. Wosia uandikwe na uutie sahihi. Asiyejua kuandika anaweza kuweka alama yake.
3. Mashahidi wawili au zaidi wakuone ukitia sahihi, nao watie zao.
4. Shahidi asiwe mtu unayemwachia kitu, wala mume au mke wake. Zawadi yake inaweza kubatilika.

Kama mjukuu hajafika miaka 18, taja mtu mzima atakayemshikia mali, na useme ni ya kazi gani: karo, chakula, matibabu. Usiandike PIN kwenye wosia. Andika namba ya simu na kwamba kuna akiba.

Je, ukisema tu mbele ya wazee? Wosia wa mdomo unakubalika ukiwa na mashahidi wawili au zaidi, lakini unashika tu kama utafariki ndani ya miezi mitatu tangu useme. Maneno ya Krismasi iliyopita hayatoshi. Na kwa Waislamu, urithi unafuata sheria ya dini: mjukuu asiye mrithi anaweza kuachiwa kwa wosia hadi theluthi moja ya mali.

Akiba yake isilale yote kwenye laini

Shilingi 50 kwa siku, siku sita kwa wiki, ni shilingi 300. Kwa mwaka mzima ni shilingi 15,600. Ukiweka pesa hizo kwenye SACCO, una nafasi ya kuandika jina la mtu atakayelipwa ukifariki. Nenda uangalie fomu yako. Huenda jina lililoko ni la mtu uliyemwandika miaka 20 iliyopita.

Fanya haya wiki hii

- Badilisha PIN kama kuna mtu mwingine anayeijua.
- Lipa karo ya muhula ujao moja kwa moja kwa shule.
- Angalia jina kwenye fomu ya SACCO.
- Andika wosia, kisha mwambie mtu mmoja unayemwamini umeuweka wapi.

Mteja wetu akifariki, familia ifike ofisini kwetu na cheti cha kifo, vitambulisho na hati ya mahakama inayoonyesha nani anasimamia mali. Hatutauliza PIN ya marehemu. Yeyote anayewapigia simu kuiuliza ni tapeli.