Msuguano Kazini: Beringi za Gurudumu la Nyuma la Pikipiki

Mada zinazoguswa: msuguano, kanieneo, mtanuko wa vitu yabisi, sheria za gesi.

Ukiulizwa namna ya kupunguza msuguano kwenye mashine, kuna jibu ambalo karibu kila mwanafunzi analo tayari: "Kwa kutumia beringi na kupaka oili." Si kosa, ila limeishia mlangoni. Msahihishaji anataka kujua beringi inafanya nini hasa hata msuguano upungue, na kwa nini siku moja inaacha kufanya hivyo. Somo hili linajibu hayo mawili kwa kutumia kitu unachokiona kila siku, gurudumu la nyuma la bodaboda. Mtihani wenyewe wa Fizikia utauandika kwa Kiingereza, lakini jambo usilolielewa kwa lugha ya nyumbani hutalieleza kwa lugha nyingine.

Nguvu inavyofika kwenye tairi

Injini huzungusha sproketi ndogo ya mbele. Sproketi hiyo huvuta cheni, na cheni huzungusha sproketi kubwa ya nyuma. Sproketi kubwa imefungwa kwenye kibebeo chake, na kibebeo husukuma habu, yaani kitovu cha gurudumu, kupitia vipande vya mpira vinavyopunguza mshtuko. Ekseli haizunguki, imekazwa kwa nati pande zote mbili. Kinachozunguka juu yake ni habu na kibebeo, na katikati ya kinachozunguka na kisichozunguka ndipo beringi hukaa.

Kwenye pikipiki nyingi huko nyuma kuna beringi tatu: mbili ndani ya habu na moja ndani ya kibebeo cha sproketi. Hiyo ya tatu ndiyo husahaulika, ingawa ndiyo iliyo karibu zaidi na mvuto wa cheni.

Beringi yenyewe ni pete ya ndani, pete ya nje, gololi za chuma katikati, na kizimba chembamba kinachozuia gololi zisigusane. Nyingine zina sili ya mpira pembeni ili kutunza grisi ndani na kuzuia uchafu usiingie.

Kuviringika na kuteleza

Gunia la mbolea ukiliburuta sakafuni ni kazi ngumu. Ukiliweka juu ya magogo ya duara linakwenda kwa kusukumwa kidogo. Beringi ni magogo yaliyofungwa kwenye duara ili yasiishe. Badala ya chuma kuteleza juu ya chuma, gololi inaviringika.

Tofauti yake ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kigezo cha msuguano (μ) cha chuma kinachoteleza tuchukue 0.15. Kwa beringi ya gololi iliyo nzima, kadirio linalotumika sana ni 0.0015. Ni mara mia moja pungufu.

Mfano. Gurudumu la nyuma linabeba mzigo wa 1500 N. Ekseli ina kipenyo cha mm 12, na tairi ina mzingo wa m 2. Tafuta nishati inayopotea kwa msuguano kwenye ekseli katika safari ya km 10, kwanza bila beringi, kisha ikiwa na beringi nzima.

Mizunguko = 10,000 ÷ 2 = 5000.
Bila beringi: momenti ya msuguano = μ × mzigo × nusu kipenyo = 0.15 × 1500 × 0.006 = 1.35 Nm.
Nishati = 2π × momenti × mizunguko = 2 × 3.14 × 1.35 × 5000 = 42,390 J.
Kwa beringi, μ imepungua mara 100, kwa hiyo nishati ni takribani 424 J.

Hapa usikimbilie kuandika kwamba beringi mbovu "inamaliza mafuta". Lita moja ya petroli inatoa takribani jouli milioni 32, kwa hiyo hizo 42,390 J ni kama sehemu moja tu ya elfu. Ubaya wake uko kwingine. Joto lote hilo linazalishwa mahali padogo kama sarafu, grisi inaungua, gololi zinalika, na gurudumu linaanza kuyumba. Sasa fikiria dereva anateremka kutoka Bumbuli kwenda Soni, nyuma ana abiria na gunia la kabichi, na kwenye kona gurudumu haliko tena sawasawa na la mbele. Cheni inaweza kuruka kutoka kwenye sproketi na kujisokota, na gurudumu likafunga. Mteremko hautasubiri fundi.

Kinachoua beringi

Ukiuliza kijiweni utaambiwa ni mzigo. Mzigo unachangia, hasa ukizidi uwezo wa pikipiki, lakini beringi ya kawaida huharibiwa kwanza na maji na uchafu. Tope jekundu la masika lina chembe ngumu za mchanga. Zikipita kwenye sili, gololi haziviringiki tena juu ya chuma laini, zinasagwa kama mahindi kinuni. Maji nayo huleta kutu, na kutu ni vumbi gumu lililozaliwa humo humo ndani.

Swali ni: maji yanapitaje, ikiwa sili ipo? Soma sehemu hii polepole, kwa sababu ndani yake kuna swali zuri la sheria za gesi.

Breki ya nyuma ya pikipiki nyingi ndogo iko ndani ya habu. Kwenye mteremko mrefu, breki inageuza nishati ya mwendo kuwa joto, na habu inapata moto pamoja na hewa iliyo ndani yake. Dereva akifika bondeni anaingiza pikipiki mtoni aioshe, maana ina tope. Maji ya milima ya Usambara ni ya baridi. Hewa ya ndani inapoa ghafla na kanieneo yake inashuka.

Mfano. Hewa ndani ya habu ina jotoridi la 87 °C na kanieneo ya 100 kPa, sawa na ya nje. Inapoozwa hadi 17 °C bila ujazo kubadilika. Tafuta kanieneo mpya.

Geuza kwanza kuwa kelvini: 87 + 273 = 360 K; 17 + 273 = 290 K. Ukisahau hatua hii, jibu lote limekwenda.
P₂ = 100 × 290 ÷ 360 = 80.6 kPa.

Tofauti ya nje na ndani ni 19.4 kPa. Kwa kanuni ya kanieneo ya kimiminika (P = ρgh, ukitumia g = 10), kiasi hicho ni sawa na kina cha maji cha m 1.94. Yaani gurudumu limesimama kwenye maji ya magotini, lakini sili inasukumwa kama vile imezama karibu mita mbili. Kwa kweli hewa kidogo huvuja na tofauti haifiki hapo, lakini mwelekeo ni huo huo: habu inanyonya maji.

Kwa hiyo pikipiki iliyotoka mteremkoni iachwe ipoe kabla ya kuoshwa. Na anayeosha kwa mpira wa presha asielekeze maji kwenye ekseli.

Ukaguzi kwa mikono

Zima injini, toa ufunguo, weka nyutro, simamisha pikipiki kwenye stendi ya kati ili gurudumu la nyuma lining'inie. Gurudumu lizungushwe kwa mkono tu. Anayewasha injini na kuweka gia ili "aone cheni inavyokwenda" anacheza na vidole vyake, kwa sababu kidole kikiingia kati ya cheni na sproketi hakirudi.

Zungusha taratibu na usikilize. Sauti laini ya cheni ni ya kawaida. Mkwaruzo unaojirudia au mlio wa kusaga si wa kawaida. Weka kiganja kwenye mkono wa chuma unaoshika ekseli: mara nyingi mtetemo huhisiwa hapo kabla sikio halijausikia.

Kisha shika tairi juu na chini. Vuta juu huku ukisukuma chini, halafu geuza. Gurudumu likicheza kuelekea kushoto na kulia, angalia mchezo unatokea wapi. Kama habu inacheza juu ya ekseli huku mkono wa chuma umetulia, shaka ni beringi za habu. Kama mkono wenyewe unatikisika pamoja na gurudumu, tatizo huenda liko kwenye bushi zake kule mbele, na kununua beringi hakutasaidia. Mwisho shika sproketi yenyewe uitikise. Ikicheza wakati gurudumu limetulia, ni ile beringi ya tatu.

Ukiona grisi ya rangi ya kahawia imevuja karibu na sili, hiyo huenda ni kutu iliyochanganyika na grisi. Gurudumu likishatolewa, ingiza kidole kwenye pete ya ndani na uizungushe. Inatakiwa iende laini. Ikikwaruza au kukwama kidogo kidogo, haiponi kwa kuongezewa grisi, ibadilishwe. Beringi yenye sili ya mpira pia isioshwe kwa petroli, kwa sababu petroli itapenya na kuyeyusha grisi uliyotaka kuitunza.

Cheni hupakwa oili, beringi ya gurudumu hutumia grisi. Kwa beringi ya wazi, grisi ijaze theluthi hadi nusu ya nafasi iliyopo, kwani ikijaa pomoni inavurugwa na kupata joto. Na isiguse kabisa breki: pale msuguano tunautaka.

Kubadilisha beringi

Namba iliyochapwa kwenye beringi inasema ukubwa wake. Tarakimu mbili za mwisho zinaonyesha tundu la ndani: 00 ni mm 10, 01 ni mm 12, 02 ni mm 15, 03 ni mm 17, na kuanzia 04 unazidisha kwa 5. Hivyo 6301 ina tundu la mm 12, na 6204 ina mm 20. Herufi 2RS baada ya namba humaanisha sili za mpira pande zote mbili, na kwa njia zetu za tope hiyo ndiyo ya kuchagua.

Beringi ya habu hugongwa kwenye pete ya nje tu, kwa kipande cha bomba chenye kipenyo kinacholingana nayo. Ukigonga pete ya ndani, kani inapita kwenye gololi. Gololi hugusa pete kwenye eneo dogo mno, na kwa kuwa kanieneo ni kani kugawa eneo, pigo dogo la nyundo linaacha vishimo. Beringi mpya inakuwa mbovu kabla haijatembea hata mita moja.

Katikati ya beringi mbili za habu kuna kibomba cha kutenganisha. Kikisahaulika, nati ikikazwa pete za ndani zinasogezwa na gololi zinabanwa pembeni. Ukiona beringi zinakufa kila mwezi, ulizia kibomba hicho kwanza.

Maswali ya kujipima

1. Habu ya alumini ina tundu la mm 37. Inapashwa moto kwa ongezeko la 80 °C. Kigezo cha mtanuko cha alumini ni 23 × 10⁻⁶ kwa kila nyuzi. (a) Tundu linaongezeka kiasi gani? (b) Kwa nini fundi hupasha habu, na si beringi, kabla ya kuipachika?

2. Dereva anasema: "Nimepaka grisi kila mahali, hata kwenye breki, pikipiki iwe laini." Eleza kosa lake kwa kutumia msuguano.

3. Rudia hesabu ya kanieneo kwa habu yenye 67 °C. Je, kusubiri ipoe kidogo kumesaidia?

Majibu kwa ufupi: 1(a) 37 × 23 × 10⁻⁶ × 80 = mm 0.068. (b) Tundu hutanuka, beringi ya baridi ikaingia bila kugongwa kwa nguvu. 2. Breki husimamisha gurudumu kwa msuguano. Grisi hupunguza μ, na umbali wa kusimama huongezeka. 3. 100 × 290 ÷ 340 = 85.3 kPa, tofauti imeshuka kutoka 19.4 hadi 14.7 kPa, kwa hiyo ndiyo, imesaidia, ila bado habu inanyonya.