Taa za Motokaa Zinapofifia Usiku

Barabara itokayo Embu kwenda Meru yapita Runyenjes, Chuka na Nkubu, nayo yavuka mito mingi iteremkayo kutoka Mlima Kenya. Kila mto una mteremko wake na kona zake. Daraja la Nithi lajulikana mno kwa huzuni: tarehe 24 Julai, 2022, basi lilitumbukia hapo, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Ajali ile ilisemwa kuwa ya breki, si ya taa. Lakini dereva ashukaye mahali kama hapo usiku, ukungu umetanda, na taa zake zikiwaka wekundu kama kaa la moto, naye yu hatarini, pamoja na kila atembeaye kwa miguu kando ya barabara.

Taa hafifu huonekana sana katika motokaa za zamani, hasa Land Rover za miaka ya 1950 na 1960. Desturi ya wenye motokaa hizo ni kukimbilia dukani kununua globu mpya, na isipofaa, betri mpya. Mara nyingi fedha hizo hupotea bure, kwa sababu ugonjwa hauko katika globu wala katika betri.

Umeme, yaani stima, hutoka katika betri, hupita katika waya mpaka kwenye taa, kisha hauna budi kurudi katika betri. Njia ya kurudia si waya, bali ni mwili wa gari wenyewe. Mafundi huiita ardhi. Basi katika Land Rover mna jambo la pekee. Gari hilo lilipoanza kuuzwa mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, kwa hiyo bati lake likatengenezwa kwa mchanganyiko wa alumini, likafungwa kwa boliti juu ya fremu ya chuma. Mahali alumini na chuma vigusanapo, maji yakiingia, hutokea unga mweupe. Unga huo huzuia umeme usipite vizuri. Gari lililopita katika mvua na matope kwa miaka sitini halikosi unga huo.

Mkulima wa Meru au Embu aliyezoea mifereji ya kunyunyizia shamba ataelewa upesi. Mfereji ukizibwa upande wa chini, maji hayasimami kwa utulivu. Hutafuta njia nyingine, hata kama ni ndani ya shamba la jirani. Umeme nao hufanya hivyo. Ndiyo sababu dereva akikanyaga breki taa ndogo ya nyuma huzimika, au akiwasha indiketa taa ya nyuma nayo hupepesa pamoja nayo. Umeme uliokosa njia ya kurudi umepita katika globu ya jirani. Aonaye dalili hizo asinunue kitu kwanza.

Jaribio lake ni rahisi. Taa ziwashwe. Uchukuliwe waya mnene, ncha moja ishikizwe kwenye kichwa cha betri kile kilichofungwa kwenye fremu, na ncha ya pili iguswe kwenye chuma cha kishikio cha globu. Taa ikiongeza mwangaza papo hapo, kosa ni la ardhi. Hapo betri ifunguliwe, boliti za taa zitolewe, na mahali zinapogusa pasuguliwe kwa msasa mpaka pang'ae. Zikisha kurudishwa na kukazwa, pakwe grisi kidogo ili maji yasiingie tena. Waya unaounganisha betri na fremu, na ule uunganishao injini na fremu, itazamwe kwa namna iyo hiyo, maana hiyo ikilegea taa zote hufifia pamoja.

Kama jaribio hilo halikuleta badiliko, kosa latafutwa upande wa kuja. Katika gari hizi swichi ya kubadili taa kubwa, za mbali na za karibu, iko sakafuni, nayo hukanyagwa kwa mguu wa kushoto. Udongo mwekundu wa mlimani huletwa na viatu, hujaa humo, nao ukilowa hula shaba ya ndani. Taa za mbali zikiwaka vizuri na za karibu zikikataa, au zikizimika gari lirukapo shimoni, swichi hiyo ifunguliwe kabla ya jingine lolote.

Wengine huanza kwa kubadili fyuzi. Katika Land Rover nyingi za miaka hiyo mna fyuzi mbili tu, na taa kubwa hazipiti katika hizo, kwa hiyo kazi hiyo ni ya bure. Lililo baya zaidi ni kuweka msumari au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi iliyokatika. Waya utapata moto badala ya fyuzi, na katika gari fupi la aina hii tangi la petroli liko chini ya kiti.

Siku hizi madukani huuzwa pia globu za LED, ambazo hula umeme mdogo. Kabla ya kuzinunua yafaa betri itazamwe. Land Rover zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1967 hivi zilifungwa upande wa chanya kwenye fremu, kinyume cha motokaa za leo, na globu nyingi za LED zikiwekwa humo hazitawaka kamwe, ingawa si mbovu.

Dainamo za zamani hutoa umeme kidogo injini iendapo polepole. Taa zikififia gari likisimama, na kurudia nguvu zake mwendo uongezekapo, hapana kosa. Lakini zikififia hata katika mwendo, mkanda wa dainamo ubonyezwe kwa kidole gumba: ukilegea mno ukazwe. Kazi hizi zote zafanywa kabla ya magharibi, gari likielekezwa kwenye ukuta, ili taa mbili zilinganishwe moja na mwenzake.