Takwimu Rasmi: Nani Huhesabu, na Hesabu Hiyo Huaminika Vipi?

Mwananchi anapouliza kwa nini wadi yake imepata zahanati moja ilhali wadi jirani imepata mbili, jibu analopewa huwa na nambari ndani yake: idadi ya watu, idadi ya watoto walio chini ya miaka mitano, idadi ya kaya zinazoteka maji mtoni. Nambari hizo hazikushuka kutoka mbinguni. Kuna waliozikusanya, kuna sheria iliyowaruhusu kufanya hivyo, na kuna njia za kuzikagua. Somo hili linaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika hapa Kenya na mahali inapoweza kuharibika.

Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi hii. Takwimu za kitaifa kuhusu watu, uchumi na jamii ni jukumu la Serikali ya Kitaifa, nazo takwimu za kupangia maendeleo ya kaunti ni jukumu la kaunti. Mhusika mkuu ni Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, lililoundwa na Sheria ya Takwimu ya mwaka wa 2006. Kabla ya hapo kazi hiyo ilikuwa ya idara ndani ya wizara. Badiliko hilo lilikuwa na maana, kwa sababu anayehesabu hapaswi kuwa chini ya kidole cha yule anayetaka hesabu itoke kwa namna fulani.

Pesa ndizo zinazofanya jambo hili liwe zito. Katika fomula ya tatu ya kugawa mapato kwa kaunti, iliyoanza kutumika mwaka wa fedha wa 2021/2022, asilimia 18 ya fedha iligawanywa kwa kutazama idadi ya watu, asilimia 14 kwa kiwango cha umaskini, na asilimia 8 kwa ukubwa wa ardhi. Maseneta walivutana kwa wiki nyingi kabla ya kukubaliana. Pale ambapo hesabu inaleta shilingi, kishawishi cha kuongeza chumvi hakikosekani.

Mfano wa wazi ni sensa ya mwaka wa 2009. Kwa nchi nzima, watu walikuwa wameongezeka kutoka takriban milioni 28.7 mwaka wa 1999 hadi 38,610,097, yaani ongezeko la kama thuluthi moja. Lakini Mandera ilitoka 250,372 hadi 1,025,756. Hiyo ni mara nne kwa miaka kumi. Jamii zenye watoto wengi hukua kwa kuzaana pekee kwa kama asilimia 3 au 4 kwa mwaka, ilhali Mandera ingehitaji kukua kwa takriban asilimia 15 kila mwaka. Mwezi Agosti 2010, waziri aliyehusika alifuta matokeo ya wilaya nane za kaskazini, katika maeneo ya Mandera, Wajir, Garissa na Turkana, akisema kwamba ukuaji huo haulingani na vizazi na vifo, na kwamba mpangilio wa umri na jinsia haukuwa wa kawaida.

Wakazi na viongozi wa huko hawakukubali. Walisema kosa lilikuwa katika sensa za awali: wafugaji wanaohamahama, mipaka mirefu na ukosefu wa usalama vilifanya watu wengi wasihesabiwe. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwani hesabu ya mwanzo ikiwa pungufu, hata hesabu sahihi inayofuata itaonekana imefura. Jambo lilifika mahakamani, na nambari zilizokuwa zimefutwa zikaendelea kutumika. Sensa ya 2019 ilipata watu 867,457 katika Mandera, pungufu ya ile ya miaka kumi nyuma, na mvutano ukarudi tena mahakamani. Kosa la karatasi moja, kokote lilikoanzia, linaweza kuisumbua kaunti kwa kizazi kizima.

Wataalamu hujuaje kwamba hesabu ina kasoro? Hawamsubiri mtu alalamike. Kwanza hutazama umri na jinsia. Kwa kawaida, katika kila watoto wachanga wasichana 100 huzaliwa wavulana kama 105. Eneo likionyesha tofauti kubwa mno na hiyo, kuna jambo. Kisha hutazama nambari zinazoishia kwa sifuri na tano. Mzee asiyejua mwaka aliozaliwa husema ana miaka 60 au 65, ni nadra aseme 63. Ndiyo maana karani wa sensa hubeba orodha ya matukio: Uhuru wa 1963, kifo cha Mzee Kenyatta mwaka wa 1978, jaribio la mapinduzi la 1982, ukame wa 1984, mvua za El Nino za 1997. Akikuuliza kama ulikuwa umeanza shule wakati wa Uhuru, hapigi soga. Anatafuta umri wako. Baada ya sensa, maeneo machache huchaguliwa na kuhesabiwa upya na watu wengine, ili ijulikane ni wangapi waliorukwa na ni wangapi waliohesabiwa mara mbili.

Sensa ya usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019 ndiyo ya kwanza nchini kutumia vishikwambi badala ya karatasi. Ilipata watu 47,564,296 katika kaya zaidi ya milioni 12, na kwa mara ya kwanza ikahesabu huntha, yaani watu wenye jinsia mbili: 1,524. Kila mtu alihesabiwa mahali alipolala usiku huo, si mahali alikozaliwa wala anakopigia kura. Wengi wetu bado hatujalielewa hilo. Kumwita kijana wako kutoka mjini aje “ahesabiwe nyumbani” kunaiondolea hospitali ya mjini nambari anayoihitaji yeye mwenyewe akiugua huko.

Sensa hufanywa kila baada ya miaka kumi. Katikati hutumika uchunguzi wa sampuli, na hapa ndipo wananchi wengi huwa na shaka: “Mimi sikuulizwa, basi mmepataje?” Mpishi wa pilau hali sufuria nzima ili ajue kama chumvi imekolea; huonja kijiko kimoja, mradi amekoroga vizuri. Kukoroga ndiyo kazi yenyewe. Kaya huchaguliwa kwa bahati nasibu kutoka orodha iliyotayarishwa, si kwa urafiki wala kwa ukaribu wa barabara ya lami. Ukichaguliwa, karani hana ruhusa ya kukuruka na kwenda kwa jirani kwa sababu ulikuwa shambani. Ni lazima arudi. Uchunguzi wa bajeti za kaya wa 2015/2016 ulichagua kaya 24,000 kote nchini, na ndio uliotupa kiwango cha umaskini cha asilimia 36.1, kutoka asilimia 46.6 mwaka wa 2005/2006. Lakini kijiko kimoja kina mipaka yake. Kinaweza kuisemea kaunti; hakiwezi kukisemea kijiji kimoja. Mtu akikuletea asilimia ya umaskini ya kijiji chako, muulize ameipataje.

Kuna hofu nyingine, kwamba majibu yatapelekwa kwa mtoza kodi au polisi. Sheria ya Takwimu inakataza taarifa za mtu mmoja mmoja kutolewa, na afisa anayezitoa anatenda kosa. Kinachochapishwa ni jumla. Bila ahadi hiyo watu wangedanganya, na wangekuwa na haki ya kuogopa.

Madhara ya serikali kuingilia wataalamu yalionekana Argentina. Kuanzia mwaka wa 2007, serikali ya huko iliingilia shirika lake la takwimu, na mfumuko wa bei ukatangazwa kuwa mdogo kuliko watu walivyouona sokoni. Mwaka wa 2013 Shirika la Fedha la Kimataifa lilitoa lawama rasmi dhidi ya nchi hiyo. Mama anayenunua unga hahitaji shahada kujua kwamba amedanganywa. Umoja wa Mataifa una kanuni za msingi za takwimu rasmi, zilizopitishwa na Baraza Kuu mwezi Januari 2014, na moja ya hizo inataka mbinu zichaguliwe kwa misingi ya kitaalamu.

Karibu zaidi na sisi ni usajili wa vizazi na vifo. Anayezaliwa au kufariki hospitalini huandikwa huko. Anayezaliwa au kufariki nyumbani ni lazima naibu wa chifu aarifiwe. Familia nyingi hukumbuka cheti cha kuzaliwa siku ya kuandikisha mtoto shuleni, na cheti cha kifo pale tu kuna shamba au akaunti ya benki ya kurithiwa. Mtoto mchanga aliyefariki akazikwa kimyakimya haonekani popote, na idara ya afya ya kaunti haiwezi kujua kwamba katika lokesheni fulani watoto wanakufa kuliko kwingine.

Ukihudhuria kikao cha maoni ya umma kuhusu bajeti na ukatajiwa nambari, uliza imetoka wapi, ni ya mwaka gani, na ni ya kaunti nzima au ya wadi. Usiporidhika, Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka wa 2016 vinakupa haki ya kuomba taarifa hiyo, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Asiyeweza kuandika anaweza kutoa ombi lake kwa mdomo, na afisa aliandike. Ofisi iliyoombwa inapaswa kuamua kuhusu ombi hilo katika muda wa siku 21.