Hati Ndani ya Chombo cha Udongo: Miradi Yetu Itunze Wapi Kumbukumbu Zake?

Masomo: Yeremia 32:6–15, Yeremia 36:20–32



Katika miezi ya karibuni tumepokea maandiko ya miradi kutoka sharika kadhaa yakiomba fedha za kununua seva, yaani kompyuta kuu ya kutunzia kumbukumbu za SACCOS, za zahanati au za nyumba ya wageni. Nia ni njema. Hata hivyo, kabla maandiko hayo hayajafika kwa wafadhili, tumeonelea ni vema tujifunze pamoja juu ya njia ya pili, ile ya kupanga nafasi kwenye kompyuta zilizo mbali, ambayo siku hizi huitwa huduma ya wingu. Maoni yetu tunayasema mapema: kwa miradi yenye ukubwa kama ya kwetu, mara nyingi kupanga ni bora kuliko kununua. Lakini yapo masharti, na mengine ni magumu kuliko yanavyosemwa na wauzaji.

Tuanze na Biblia. Yeremia aliponunua shamba la Hanameli kule Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, Yerusalemu ilikuwa imezingirwa na jeshi la Babeli, naye mwenyewe alikuwa kifungoni katika uwanda wa walinzi. Pamoja na hayo, hakuna hatua ya biashara iliyorukwa. Fedha zilipimwa, mashahidi waliandika majina yao, na hati zilikuwa mbili, moja imetiwa muhuri na nyingine iko wazi. Zote mbili Baruku aliagizwa kuzitia katika chombo cha udongo ili zikae muda mrefu bila kuharibika. Sura ya 36 inatuonyesha upande wa pili: mfalme Yehoyakimu alilikata gombo la nabii na kulitupa motoni kipande kwa kipande hadi likateketea lote. Maneno yale yalirudi kwa sababu Yeremia alikuwa hai na aliweza kumtajia Baruku upya. Mhasibu wa SACCOS hawezi kutaja kwa kichwa hisa za wanachama 400.

Hapo ndipo penye uzito wa somo hili. Kumbukumbu ya akiba ni mali ya mwanachama sawasawa na fedha yenyewe. Mama aliyeweka akiba kila wiki kutokana na mauzo ya ndizi hana ushahidi mwingine zaidi ya kijitabu chake na kilichoandikwa ofisini. Kompyuta ya ofisi ikiibwa, ikipigwa na radi au ikilowa paa linapovuja, hasara ya mashine ni ndogo kuliko ugomvi unaofuata kati ya watu wanaosali kanisa moja. Zahanati nayo ni hivyo hivyo. Mgonjwa wa kisukari, au anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, anahitaji kumbukumbu zake za miaka iliyopita, si za wiki hii tu.

Wingu ni kitu gani?

Jina linapotosha kidogo, maana hakuna kinachokaa angani. Ni majengo makubwa hapa hapa duniani, yenye kompyuta nyingi, mitambo ya kupooza hewa, jenereta na walinzi usiku na mchana. Mteja hukodi sehemu ndogo ya nguvu ya kompyuta hizo na kuifikia kwa intaneti.

Mfano mzuri ni mashine ya kusaga. Kijijini si kila kaya inanunua mashine yake. Mwenye mashine anashughulika na mota, mkanda na ankara ya umeme. Sisi tunapeleka debe letu, tunalipia tulichosaga na kurudi na unga. Wakati wa mavuno tunapeleka madebe mengi, kipindi cha njaa tunapeleka machache, na hakuna mtu anayetudai gharama ya mashine iliyosimama.

Kampuni ya Amazon ya Marekani ilianza kuuza huduma za namna hii kwa watu wengine mwaka 2006. Kwa muda mrefu wateja wengi wa Afrika walitegemea majengo yaliyoko Ulaya, na safari hiyo ndefu ya taarifa ilifanya kazi iwe ya kusuasua. Mwaka 2019 Microsoft ilifungua vituo Johannesburg na Cape Town, na mwaka 2020 Amazon ikafungua chake Cape Town. Hapa nyumbani kipo kituo cha taifa cha kutunzia data pale Kijitonyama, Dar es Salaam. Kwa hiyo kamati inayokwenda kuuliza bei iulize pia: taarifa zetu zitakaa katika nchi gani?

Faida kwa miradi yetu

Bei ya seva iliyoandikwa kwenye ankara ya dukani ni mwanzo tu. Seva inataka chumba kinachofungwa, betri za kushikilia umeme unapokatika, kipoozeo na fundi anayeijua. Fundi huyo ndiye tatizo kubwa kuliko yote, kwani kwa sharika zilizo mbali na mji nauli yake na posho yake zinaweza kuzidi kazi aliyoifanya. Baada ya miaka mitano hivi mashine imechoka, na andiko la mradi linaandikwa tena.

Kwa kupanga, kazi hiyo inabebwa na mwenye jengo. Nyumba ya wageni inapopata mkutano mkubwa, au shule inapopokea wanafunzi mwanzo wa muhula, nafasi inaongezwa kwa siku hizo na kupunguzwa baadaye. Meneja wa nyumba ya wageni mjini na mtunza hazina wa dayosisi wanaona daftari moja kwa wakati mmoja, badala ya kusubiri flashi iletwe na basi. Tena mwizi akibeba kompyuta ya ofisini, inanunuliwa nyingine ya kawaida, na kazi inaendelea pale ilipoishia.

Tunapenda kuongeza kwamba kuhifadhi maandishi kwenyewe ni rahisi sana. Akiba za wanachama 400 kwa miaka 10 hazijazi hata flashi ndogo. Kinachogharimu ni kuwasha programu usiku na mchana. Mradi mdogo unaohitaji tu nakala ya usalama usikubali kuuziwa zaidi ya hapo.

Masharti

La kwanza ni intaneti yenyewe. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zinazohudumia mwambao wetu, SEACOM na EASSy, zilikatika, na huduma ikadorora Tanzania na katika nchi jirani. Siku kama hiyo wanachama wa SACCOS bado wanakuja dirishani. Daftari la karatasi la miamala ya siku lisitupwe, na programu inayochaguliwa iwe na uwezo wa kufanya kazi bila mtandao kisha kupeleka taarifa mtandao ukirudi.

La pili, jengo la mbali nalo linaungua. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo moja la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Waliokuwa na nakala mahali pengine walirudi kazini. Baadhi ya wasiokuwa nayo walipoteza taarifa zao moja kwa moja. Wingu haliondoi hitaji la hati ya pili. Nakala moja kila mwezi iwekwe kwenye diski, ifungwe kwa nenosiri na kutunzwa mbali na ofisi, kwa mfano katika sefu ya ofisi ya jimbo. Mara moja kwa mwaka nakala hiyo ifunguliwe mbele ya kamati, maana nakala ambayo haijawahi kufunguliwa haijulikani kama ni nzima.

La tatu ni sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahesabu habari za afya na za imani ya dini kuwa taarifa nyeti. Maana yake hata orodha ya washarika imo, siyo kadi za zahanati peke yake. Kupeleka taarifa kama hizo nje ya nchi kuna masharti yake, na kamati iyafahamu kabla ya kutia sahihi mkataba.

La nne tunaliona dogo kwa maneno na kubwa kwa madhara. Akaunti isifunguliwe kwa jina wala kwa simu ya kijana mmoja anayejua kompyuta. Iwe ya taasisi, yenye angalau watu wawili wenye mamlaka, kama ilivyo kwenye akaunti ya benki.

Neno kwa wafadhili

Hapa tunaomba kusema wazi. Seva inaweza kupigwa picha, kuzinduliwa na kubandikwa kibao cha shukrani. Ankara ya kila mwezi haina sura. Ndiyo maana maandiko yetu huomba vitu, na ndiyo maana stoo za miradi mingi zina vitu vilivyokufa. Tunapendekeza msaada uelekezwe kwenye kuhamisha taarifa kutoka kwenye madaftari, mafunzo ya watumishi na ada ya mwaka wa kwanza. Kuanzia mwaka wa pili mradi ulipe wenyewe kutokana na mapato yake, na kifungu hicho kionekane kwenye bajeti ya usharika. Kwa kuwa huduma nyingi hutozwa kwa dola, kamati itenge akiba kidogo juu ya bei ya leo. Ada isipolipwa huduma hufungwa, na baada ya muda taarifa hufutwa. Mradi usioweza kulipa ada hiyo usihamie kwanza. Ubaki na madaftari mawili yaliyotunzwa vizuri mahali pawili.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Ofisi ya mradi wenu ikiungua usiku wa leo, ni kumbukumbu zipi zitabaki, na ziko kwa nani?

2. Kwa nini Yeremia aliandika hati mbili za shamba moja, na kwa nini aliitisha mashahidi?

3. Hesabuni gharama ya seva kwa miaka mitano pamoja na umeme, betri na fundi. Linganisheni na ada ya kupanga kwa miaka hiyo hiyo. Leteni hesabu zote mbili pamoja na andiko la mradi. Andiko lenye hesabu moja tu tutalirudisha.

4. Nani anajua nenosiri la akaunti mnazotumia sasa, na akihamishwa usharika mwingine, nani atazifungua?