Shaba Katika Vitu Vilivyotupwa

Swali: Mimi mkazi wa Handeni hukusanya nyaya, mota mbovu na koki kuukuu kwa kujiburudisha. Je, nizichome nyaya nipate shaba?

Jibu: La hasha, ndugu yangu, kwani ganda la plastiki likiungua hutoa sumu idhuruyo mapafu, na shaba yenyewe hutoka imebabuka na kupungua thamani, ilhali kisu kikali na subira huitoa safi, nyekundu, yenye kung'aa. Koki zikwangue kwa tupa: zikidhihirisha umanjano hata ndani, na sumaku isizinase, hizo zaelekea kuwa za shaba ya manjano, mchanganyiko wa shaba na zinki, ambayo usithubutu kuiyeyusha nyumbani, maana zinki huchemka kwa nyuzi 907 za Selsiasi na moshi wake huleta homa. Na ukiletewa kutoka Korogwe, penye reli ya Tanga, nyaya zisizojulikana asili yake, zikatae katakata, kwani huenda zimeibwa relini.